Mary Ana Mtihani Jumatatu

Kwa kazi, Dadi Kibwana ni fundi cherehani. Kwa jina, ni mshenga. Cherehani yake iko kwenye baraza ya duka moja pale Mwembesongo, na ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa ule, kuanzia muuza maandazi mpaka imamu, Dadi ni nani, hatakuambia habari za suruali. Atakuambia: huyo bwana amekwenda kuposa mara kumi na tisa, na hajarudi mikono mitupu hata mara moja. Kumi na tisa, bwana wee! Wengine tumeposa mara moja tu, na mpaka leo hatuna hakika tulijibiwa nini.

Siri yake ilikuwa masikio. Watu wa milimani, Waluguru wenzake, hawapendi kumtupia mtu neno usoni. Wakitaka uondoke hawasemi ondoka. Wanakuuliza kama mbuzi wako umewafunga. Wakitaka ukae wanakuambia njia inateleza. Na kwenye posa ndiyo usiseme. Hakuna ukoo unaojiheshimu unaotamka "ndiyo" siku ya kwanza, maana watu watasema walikuwa wanamsukuma binti barabarani. Utaambiwa binti bado mdogo. Utaambiwa mwaka huu mvua hazieleweki. Utaambiwa mwenye kauli amesafiri, na mwenye kauli unamsikia anakohoa chumbani. Kazi ya mshenga ni kubaki kwenye kigoda chake na kubembeleza mpaka ile "ndiyo" iliyofichwa chini ya maneno itoke yenyewe. Dadi alikuwa anaisikia kabla haijafika kooni mwa msemaji.

Sasa posa ya ishirini ilikuwa inakuja, na hiyo ilimnyima usingizi. Ilikuwa ya Abeid, mtoto wa marehemu dada yake. Kwao mtoto wa dada si mtoto wa pembeni. Mjomba ndiye mwenye kauli juu yake, na likiharibika, mjomba ndiye mwenye lawama. Dada yake alimshika mkono siku zake za mwisho akamwambia, "Kaka, huyu usiniachie njiani." Abeid mwenyewe ni fundi simu, kijana mpole wa miaka thelathini, na alikuwa amempenda Maimuna wa Kinole kiasi kwamba alikuwa anawarudishia watu simu zao bila betri. Dadi aliapa kwamba posa hii, hata zile kumi na tisa zikifutwa, hii haitaanguka.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, binti yake Furaha, aliyekuwa kidato cha pili, akaja na kitabu cha Kiingereza na uso wa msiba.

"Baba, hapa kuna mazungumzo matano. Kila moja wanauliza huyu mtu ana maana gani. Wanataka maana iliyofichika."

Dadi akasimamisha cherehani. Maana iliyofichika! Miaka yote hiyo hakujua kwamba kazi yake inafundishwa shuleni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nisomee kwa Kiswahili," akasema, "halafu andika ninavyokuambia."

Furaha akasoma la kwanza. Tom anamuuliza Mary: utakuja kwenye sherehe yangu Jumamosi? Mary anajibu: nina mtihani Jumatatu. Mary ana maana gani?

"Rahisi hiyo. Andika: Mary atakuja. Anataka abembelezwe. Tom amtume shangazi yake."

La pili. Mgeni ameketi sebuleni kwa Bwana Brown, anasema: kuna joto humu ndani. "Andika: mgeni hajapewa maji. Brown aone aibu."

La tatu. Mama amepewa chai, anasema: chai yako ni tamu sana. "Andika: hakuna vitafunwa."

La nne. Peter yuko kwa rafiki yake, anasema: basi la mwisho linaondoka saa kumi na mbili. "Huyo anataka kulala. Mtu anayetaka kuondoka anaondoka. Anayetangaza basi anangoja aambiwe lala, utaondoka kesho. Andika, watandike kitanda."

La tano. Mama ameingia nyumbani, anamuuliza binti yake: viatu hivi vya nani hapa mlangoni? Hapo Dadi akashusha sauti, kwa kuwa Furaha alikuwa bado mtoto. "Andika: mama amejua ndani kuna mwanamume."

Daftari likarudi siku ya pili. Sifuri juu ya tano. Kila jibu lilikuwa na mkasi wa wino mwekundu, na pembeni ya lile la viatu mwalimu alikuwa ameandika, "Jamani!"

Dadi alikasirika ambavyo hajawahi kukasirika tangu mteja alipomwambia kola imekaa kama sikio la punda. Sifuri! Yeye! Akavaa koti lake la posa, akatoka kwa miguu mpaka shuleni.

Mwalimu aliitwa Winfrida. Kwao ni mbali, Kagera, alikuja kusoma Mzumbe, akapata kazi akabaki. Msichana mwenye adabu, hakuna wa kubisha. Akasimama, akasema, "Shikamoo mzee, karibu ukae," na Dadi akaitikia marahaba, akakaa, akajifuta uso.

"Leo jua kali," akasema.

Mtu yeyote wa Mwembesongo angekwenda kuleta maji. Madam Winfrida aliinuka akafungua dirisha.

Dadi akalitazama lile dirisha. "Na nimetoka nyumbani kwa miguu," akaongeza, kumsaidia.

"Pole sana, mzee," akasema Madam, akakaa.

Hapo Dadi akaelewa kwamba hapa pana kazi, akaliweka daftari mezani. "Mwalimu, mimi sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza tu. Huyu Mary amesema wapi kwamba haji?"

"Amesema ana mtihani Jumatatu."

"Na sherehe ni Jumamosi. Jumapili yote ya nini?"

Madam akalivuta daftari, akasoma tena.

"Angekuwa hataki," Dadi akaendelea, "angesema anaumwa, yakaisha. Mtu anayekuambia habari za mtihani anakupa pa kushika. Anakuambia, nibembeleze, ili kesho nikiulizwa niseme walinilazimisha. Huyu Tom akinyamaza hapo, ameharibu. Atume mtu mzima."

Madam Winfrida alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akawa na huruma, akavuta kiti karibu. "Baba Furaha, nisikilize. Watu wa kitabuni hawana shangazi."

"Hawana shangazi?"

"Hawana. Hawana mjomba, hawana jirani anayewasikiliza dirishani. Kila mmoja ana maana moja tu, na iko hapo juu juu. Mary haji. Mgeni anataka dirisha. Peter anataka kwenda kwao. Ukishaipata hiyo moja, simama, usichimbe. Ukiendelea kumchimbia Furaha namna hii, mtihani wa taifa atafeli."

"Maskini," akasema Dadi. Na alimaanisha wale watu wa kitabuni.

Lakini neno la kufeli lilimwingia. Furaha alikuwa mtoto wake wa pekee, na alikuwa amemponza mwenyewe kwa kiherehere chake. Kwa hiyo kila siku baada ya alasiri, baba na binti waliketi kando ya cherehani na kile kitabu, wakajifunza kutochimba. Mwanzoni ilimuuma. Furaha anasoma: mwanamke anamwambia mume wake, taka zimejaa. Dadi anaanza, "Hapo mwanamke anamkumbusha mama mkwe—" na Furaha anasema, "Baba!" na Dadi anameza, anasema, "Atupe taka." "Vizuri, baba." Baada ya wiki mbili Furaha alipata nane juu ya kumi, na Dadi alikuwa anajibu kabla swali halijaisha. Maana moja, juu juu, simama.

Tatizo ni kwamba sikio si bomba la maji ulifungue ukiwa shuleni na ulifunge ukiwa nyumbani. Siku moja Mama Yustina, mteja wake wa miaka mingi, alipita akasema, "Fundi, lile gauni langu wala sina haraka nalo." Zamani Dadi angeliweka juu ya mengine yote na kulimaliza usiku huohuo, kwa sababu mwanamke anayekuja mwenyewe kukuambia hana haraka amebakiza siku mbili. Sasa alisema, "Haya, asante," akalisukumia chini ya meza. Mama Yustina akaenda kwenye ubatizo wa mjukuu wake na sketi ya kazini, na hamsalimii mpaka leo. Nyumbani mke wake, Mwanahawa, akasema, "Kwa jirani leo kunanukia samaki." Dadi akavuta pumzi akasema, "Kweli, kunanukia." Akala mchicha siku nne, akashangaa mchicha umekuwa mwingi mwaka huu.

Na unajua, mwenyewe alikuwa anajisikia vizuri! Kichwa kilikuwa chepesi kama cha aliyenyolewa. Watu wanasema jambo, jambo ni hilo, unakwenda zako. Alianza hata kuwaonea huruma mashangazi.

Katika hali hiyo ndipo siku ya posa ilipofika.

Walipanda Kinole watu wawili, Dadi na jirani yake Twalibu. Kazi ya Twalibu kwenye posa zote ilikuwa kubeba barua iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe, kunyamaza, na kula. Kwa desturi msindikizaji hafungui mdomo mbele ya wakwe isipokuwa kwa chakula, na Twalibu aliiheshimu sana desturi hiyo. Waliacha bodaboda penye daraja, wakapanda kwa miguu katikati ya migomba, wakapokewa. Wakapewa maji. Wakapewa vigoda vyenye mito. Mito! Huko uani maji yalikuwa yanachemka, na manyoya ya jogoo yalikuwa yanapeperuka kwenye kona ya nyumba.

Mwenye kauli alikuwa Mzee Mwinshehe, mjomba wa Maimuna, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Mlangoni alisimama Bibi Asia, nyanya wa Maimuna, ameshika upawa. Maimuna mwenyewe hakuonekana, ila kila mtu alijua yuko nyuma ya pazia, kwa sababu pazia lilikuwa linapumua.

Dadi akatoa maneno yake, mazuri kama kawaida: wametoka Mwembesongo, wamesikia Kinole kuna jiko, na kwao kuna kijana anakula vya kuokoteza. Twalibu akaweka barua. Mzee Mwinshehe akaitazama barua, akatazama milima, akakohoa.

"Tumewasikia," akasema. "Lakini binti yetu bado mdogo. Na mwaka huu upepo umeangusha migomba, nyumba yetu haina raha."

Maimuna ana miaka ishirini na saba. Ana duka la mbegu na dawa za mimea, na wanaume wazima wanapanga foleni kumwogopa. Hilo neno "mdogo" lilikuwa mlango ulioachwa wazi, na nyuma yake jogoo amekwisha kuchinjwa. Dadi wa zamani angevuta kigoda mbele akasema, mzee wetu, udogo unatibika. Lakini kichwani mwa Dadi ilisikika sauti ya Furaha ikisoma: nina mtihani Jumatatu. Maana yake? Haji. Maana moja. Simama.

Dadi akasimama.

"Tumeelewa, mzee," akasema kwa adabu kabisa. "Asanteni kwa kutusikiliza. Poleni na migomba."

Twalibu akamkanyaga mguu. Dadi akausogeza mguu. Mzee Mwinshehe, ambaye katika maisha yake hajawahi kuona mshenga anakubali, akajitahidi kumrushia kamba. "Wingu lile naona linashuka," akasema. "Njia itateleza."

"Ndiyo maana tuwahi," akasema Dadi, akaichukua barua yake kutoka mkekani, akaipangusa, akaitia mfukoni. Bibi Asia akateremsha upawa polepole.

Walishuka mlima hadi kwenye daraja Twalibu hajasema neno. Penye daraja akaruhusiwa na desturi, akalipuka. "Dadi, unaumwa?"

"Wamekataa. Hukusikia?"

"Nilisikia jogoo akikata roho!" Twalibu alikuwa karibu kulia. "Dadi, kulikuwa na wali wa nazi! Nimeusikia kwa pua hii! Mtu anakunyima binti huku anakupikia wali wa nazi?"

Dadi akasema Twalibu anachimba sana.

Jioni Abeid alikuwa anangoja kwenye baraza, amevaa shati jipya, ameshika simu ya mtu. "Mjomba, wamesemaje?"

"Mpwa wangu, wamekataa. Wamesema bado mdogo."

Abeid hakupiga kelele. Aliiangalia ile simu, akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akasema, "Haina neno, mjomba."

Na hapo, Mungu si Athumani, masikio ya Dadi yakazibuka. Haina neno. Alikisikia kila kitu lilichokuwa limebeba, kuanzia juu mpaka chini kabisa, mpaka kwa dada yake aliyemshika mkono. Akasikia pia, kwa kuchelewa, binti bado mdogo, na wingu linashuka, na maji yanayochemka uani, na pazia. Akakaa kwenye ngazi. "Nimekuua, mwanangu," akasema. "Nimekuua kwa kitabu."

Maimuna alimpigia Abeid simu kesho yake asubuhi, analia. Mjomba wake amekasirika. Anasema mtu akikuta mlango umerudishiwa tu, akageuka bila hata kuusukuma, hakuja kuposa, alikuja kuwachungulia. Tena kuna mkulima wa mpunga wa Dakawa ametuma salamu kwamba Jumapili atakuja na wazee wake. Na huyo, akasema Maimuna, inasemekana watu wake wanaweza kubembeleza mpaka mbuzi akakubali kuchinjwa.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kwa desturi, mshenga aliyeharibu hatengenezi mwenyewe. Anatafuta mtu wa kumwendea mtu, na huyo naye mtu, wanazunguka mwezi mzima. Dadi hakuwa na mwezi. Alikuwa na siku tatu. Akaenda shuleni, hata koti hakuvaa.

"Mwalimu," akasema, "watu wa kitabuni wakikosea wanafanyaje?"

Madam Winfrida alimwona alivyo, hakucheka. Akafungua ukurasa mwingine. Kulikuwa na Peter amevunja kikombe cha Bwana Brown. "Wanasema: samahani, nimekosea."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Hawamtumi mtu?"

"Hawamtumi mtu."

"Anakwenda mwenyewe, na mdomo wake, anasema hivyohivyo, kavu?"

"Kavu, mzee. Na anasema anachotaka."

Dadi akatikisa kichwa. Hakuwahi kufikiri kwamba watu wale, bila shangazi wala mjomba, wana ujasiri wa namna hiyo.

Ijumaa baada ya sala akapanda Kinole peke yake. Twalibu alikataa, akasema bado ana njaa ya siku ile. Safari hii hapakuwa na mito. Hapakuwa na maji. Alioneshwa kigoda kilichokatika mguu, nje, juani, na Mzee Mwinshehe akatoka na wazee wenzake wawili wakakaa kivulini wakimtazama kama wanaotazama kuku wa ugenini. Bibi Asia akasimama mlangoni. Pazia lilikuwa halipumui kabisa.

"Shikamooni," akasema Dadi. "Mzee Mwinshehe, samahani. Nimekosea. Juzi nilipaswa kukaa, nikaondoka. Nataka Maimuna aolewe na mpwa wangu Abeid. Abeid anampenda, na naona Maimuna naye anampenda. Mimi namtaka sana awe mkwe wangu. Nimemaliza."

Subhanallah! Mzee mmoja aliangusha bakora. Katika nyumba ile, tangu kujengwa kwake, hakuna mtu aliyewahi kusema anachotaka kwa mpangilio huo, tena mbele ya watu wazima, tena na neno kupenda ndani yake mara mbili. Wakatazamana. Mzee Mwinshehe akaomba radhi, wakaingia ndani wote watatu, na Dadi akawasikia kupitia ukuta wa udongo wakichambua.

"Ana maana gani?"

"Mtu hasemi wazi hivyo bure. Huenda kijana anaumwa."

"Au huyu Dadi anakufa, anaaga."

"Amesema 'nimemaliza'. Amemaliza nini?"

"Na kwa nini aseme samahani kwanza? Kuna kitu wamefanya ambacho hatujakijua."

Walichimba karibu nusu saa. Dadi aliketi juani kwenye kigoda cha miguu miwili na nusu, amekishika kwa goti, jasho linamtiririka mgongoni, akiwasikia wanavyofukua na kufukua mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mwisho ikasikika sauti ya Bibi Asia.

"Acheni kujisumbua. Mimi nilimtazama usoni. Huyo chini yake hana kingine."

Wakatoka. Mzee Mwinshehe akakaa. Akarekebisha kanzu. Akatazama milima kwa muda ambao Dadi aliona ni wa mfungo mzima wa Ramadhani. Kisha akakohoa.

"Tumekusikia," akasema. "Lakini binti yetu bado mdogo."

Neno lilelile. Dadi akamtazama Mzee Mwinshehe, na Mzee Mwinshehe alikuwa anamtazama kwa jicho moja, jingine amelifumba kwa ajili ya jua, au si kwa ajili ya jua. Nyuma, uani, kitu kilikurupuka na kupiga kelele: mtu alikuwa anamkimbiza kuku.

Dadi akakiburuta kile kigoda kibovu mpaka kivulini, akakigandamiza ardhini, akakalia, akakunja suruali yake vizuri kama mtu aliyefika kwake.

"Basi hakuna neno, mzee wangu," akasema. "Nitangoja hapahapa mpaka akue."

Bibi Asia alikuwa wa kwanza kucheka, akicheka na upawa mkononi, kisha wale wazee, na Mzee Mwinshehe akajizuia, akajizuia, mwishowe kanzu nzima ikatikisika. Pazia likacheka nalo. Maji yakaletwa, mto ukaletwa, na Dadi alipoambiwa karibu chakula akasema ameshiba, kama inavyotakiwa, na wakamjazia sahani mpaka wali ukawa unamwagika mkekani.

Harusi ilifanyika Kinole, siku ya Jumamosi, na Furaha akamkaribisha mwalimu wake. Madam Winfrida alikuja na gauni la kitenge ambalo Dadi alilishona kwa siku moja, ingawa mwenyewe alikuwa amemwambia hana haraka. Akala pilau, akashikwa mkono na wanawake wakamwingiza kwenye ngoma, akacheza mpaka viatu akavivua akaviacha mlangoni. Twalibu alikula kwa ajili ya siku zote mbili. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya milima, Madam akamjia Dadi akijipepea na kanga aliyotunzwa.

"Mzee," akasema, "nimeambiwa gari la mwisho linashuka saa kumi na mbili."

Dadi akataka kujibu, akasita. Alishaungua mara moja. Akafikiri kidogo, kisha akaona amuulize kwa lugha ya kitabu chake mwenyewe, kavu, bila shangazi.

"Mwalimu, unataka kuondoka, au unataka kulala?"

Madam Winfrida akageuka akaitazama njia ya kushukia. Akaitazama ngoma, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inapashwa moto upya, na wanawake waliokuwa wanamwita kwa mikono. Akavitazama viatu vyake mlangoni.

"Nina mitihani ya kusahihisha Jumatatu," akasema.

Bibi Asia, aliyekuwa amekaa pembeni anachokonoa meno, alimsikia. Aliinuka, akachukua mkoba wa Madam, akauingiza ndani, akaanza kutandika kitanda.